Nyundo Pangoni: Nani Apanue Njia Finyu, na kwa Faida ya Nani?



Naanzia mbali, jimbo la Kentucky, Marekani, mwaka 1925. Floyd Collins, mtoto wa mkulima, alikuwa na pango la kitalii, Crystal Cave, alilolivumbua mwaka 1917. Lilikuwa zuri, ila lilikuwa mwisho wa barabara, na watalii waliishia kwa wenye mapango ya njiani. Akaamua kutafuta mlango mwingine karibu na njia kuu, mahali panapoitwa Sand Cave. Wiki kadhaa alishinda humo akizoa vifusi na kupanua upenyo. Januari 30, akitambaa kurudi nje, jiwe lilimwangukia likambana mguu. Lilipotolewa baadaye lilikutwa na uzito wa kilo 12 hivi. Mtoto wa sekondari angelibeba.

Kisa hiki husimuliwa kama ajali. Mimi nakisoma kama kisa cha kupanua pango. Collins alipanua kwa ajili ya biashara. Waokoaji nao wakaingia na kutoka, wakigonga na kuchokonoa, huku wakubwa wao wakibishana kama ni afadhali kupita njia ile ile au kuchimba shimo kutokea juu. Mchanga na mawe yaliyolegea havikustahimili pilikapilika hizo. Februari 4 paa likaporomoka kati yake na wao. Ndipo likachimbwa shimo la mita 17. Walipomfikia, Februari 16, alikuwa ameshakufa. Katika siku zile za mwanzo, mmoja wa waliomfaa zaidi alikuwa mwandishi wa habari kutoka Louisville, William Miller, mtu wa umbo dogo, aliyejipenyeza hadi pale, akamlisha kwa mkono wake, akajaribu kuliinua jiwe kwa jeki.

Msimamo wangu nautaja mapema. Jiwe halina haki yoyote mbele ya uhai wa mtu aliyekwama. Lakini uhai huo usigeuzwe kibali cha kuvunjia mawe kwa shughuli nyingine.

Mtu mwenye afya hupita penye nafasi ndogo kwa kujikunja, kutoa pumzi na kugeuza bega. Akivunjika nyonga hulazwa kwenye machela, na machela haijikunji wala haitoi pumzi. Septemba 2023, Mark Dickey, mpelelezi wa mapango kutoka Marekani, alianza kutokwa damu tumboni akiwa zaidi ya mita 1,000 chini katika pango la Morca, kusini mwa Uturuki. Waokoaji wa nchi kadhaa walimpandisha kwa zamu, na njiani sehemu finyu zikapanuliwa ili apite. Septemba 12 alikuwa nje, hai. Atakayewalaumu kwa kuharibu mwamba sitampa muda wangu.

Ugumu uko kwingine. Mwamba hupanuliwa kwa tindo na nyundo, kwa kabari zinazopigwa ndani ya matundu yaliyotobolewa kwa drili ya betri, au kwa baruti kidogo sana, na kila njia humtoza yule yule anayeokolewa. Vumbi humwingia, vipande humrukia usoni, mtikisiko unaweza kumshushia jiwe jingine. Moshi wa baruti una sumu, na pale ambapo hewa haitembei hauna pa kwenda isipokuwa mapafuni mwake na mwa anayempa maji. Halafu kuna saa. Katika pango la Nutty Putty, Utah, mwaka 2009, mwanamume aliyebanwa kichwa kikiwa chini alifariki baada ya muda uliozidi kidogo tu siku moja. Mwili wake ukaachwa humo, pango likafungwa.

Na aliyekwisha kufa je, tumvunjie mwamba? Hapa nipo upande wa baba mmoja Mwingereza. Machi 1959 mwanawe, Neil Moss, mwanafunzi wa Oxford mwenye miaka 20, alikwama ndani ya shimo jembamba katika Peak Cavern, Derbyshire. Chini kule hewa ya ukaa ilikuwa imejaa, na waliojaribu kumfuata walizidiwa. Alipofariki, baba aliomba aachwe huko huko, asije akafa mwingine kwa ajili ya maiti. Najua ombi hilo linavyouma masikioni mwetu, sisi tunaosafirisha maiti usiku kucha ili mtu akazikwe kwao. Ila kutolewa pangoni si lazima kuwe heshima. Collins alitolewa Aprili 1925 na kuzikwa; miaka miwili baadaye akafukuliwa, akawekwa ndani ya jeneza lenye kioo kule Crystal Cave, watalii walipe wamtazame.

Nije kwenye utalii na uchunguzi. Lascaux, pango lenye michoro ya kale huko Ufaransa, liligunduliwa mwaka 1940. Mlango ulipanuliwa, sakafu ikachimbwa, na mwaka 1948 umma ukaanza kuingia. Pumzi za watu, joto na taa vilibadili hewa ambayo michoro ilikuwa imeizoea kwa maelfu ya miaka. Mwani wa kijani ukaota ukutani, na mwaka 1963 pango likafungwa.

Kinyume chake kipo Afrika Kusini. Mwaka 2013, katika pango la Rising Star karibu na Johannesburg, mifupa ya kale ilionekana ndani ya chumba kinachofikiwa kwa mteremko wa mita 12, wenye sehemu isiyozidi upana wa sentimita 20 hivi. Profesa Lee Berger alitangaza kwenye Facebook kwamba anatafuta wanasayansi wembamba waliozoea mapango, na wanawake sita wakashuka. Zaidi ya vipande 1,500 vya Homo naledi, jamaa wa kale wa binadamu, vikapatikana. Nauheshimu uamuzi ule wa kutopanua njia. Swali kubwa la pango lile ni namna miili ilivyofika mle, na njia yenyewe ni sehemu ya ushahidi. Lakini haukuwa wa bure: hatari aliyoepushwa mwamba ilibebwa na miili ya wale sita, wakati profesa akitazama kupitia kamera. Yeye aliingia mwaka 2022, baada ya kupunguza kilo kama 25.

Wapenzi wa mapango wana hoja wanayoipenda: tupanue leo, ili siku mtu akiumia machela ipite. Siikubali. Njia finyu huwachuja wanaoingia. Ukiipanua, asiye na uzoefu hufika mbali zaidi, na ajali humkuta huko mbali. Kinachomsaidia mwokoaji kabla ya ajali ni ramani: kila mbano umepimwa, na imeandikwa ni wapi mwamba ni mgumu na wapi umelegea. Kazi hiyo haihitaji hata tindo moja.

Mapango yetu ya Amboni, Tanga, watu huyaendea kwa ibada na kuacha sadaka, na popo wanaishi humo. Atakayetaka kupanua upenyo pale, barua ya serikali pekee haimtoshi. Wazee wanaolitumia pango wasikilizwe kabla hajashika nyundo, na wawe na uwezo wa kukataa. Ningekuwa kwenye kamati inayosoma ombi lake, ningemtaka aeleze hewa itakwenda wapi baada ya mwanya kupanuka, na nani atapita hapo yeye akishaondoka. Asipoweza kunijibu hilo la pili, saini yangu haipati.