KUKAA GHOROFANI
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama



Tumeombwa tuseme juu ya majumba ya zege, na kwa kuwa sisi wenyewe tunayakaa, hatutasema kama wapita njia. Wako wasemao kwamba majumba haya yalikosewa tangu msingi, ya kuwa Mwafrika hakuzoea kuishi juu ya kichwa cha mwenzake, na dawa yake ni kuyabomoa. Wako na wengine wasemao jumba ni la Serikali, basi na ashughulike mwenye jumba. Hatukubaliani nao wote wawili.

Kwanza yatupasa kujua jambo hili lilikotoka. Vita vya 1939 hadi 1945 viliivunja miji mingi ya Ulaya, na watu wakabanana katika vyumba vilivyobaki. Kujenga tofali juu ya tofali kungechukua umri mzima. Ndipo wakaanza kumwaga ukuta mzima kiwandani, pamoja na nafasi ya dirisha lake, wakaupakia juu ya gari, wakauinua kwa winchi na kuufunga kwa mwenziwe. Muungano wa Sovieti ulitoa amri yake kubwa ya nyumba mwaka 1957. Huko Ujerumani Mashariki mji mpya wa Hoyerswerda, wa wafanyakazi wa makaa ya mawe, uliinuliwa kwa mabamba hayo tangu miaka ile ile. Mtindo ulioenea kuliko yote nchini mwao ulianza Neubrandenburg mwaka 1973, na bamba lake moja liliweza kufika tani 6.3. Leo watu huyacheka majumba hayo kwa kufanana kwake. Lakini mama aliyezoea kupandisha makaa ya jiko, na choo cha kushirikiana ngazini, alipopewa bafu na maji ya moto hakuuliza kama jirani ana dirisha kama lake.

Udhaifu wa nyumba ya mabamba uko kwenye kiungo. London, alfajiri ya tarehe 16 Mei 1968, gesi ililipuka katika ghorofa ya 18 ya jengo liitwalo Ronan Point, lenye ghorofa 22. Ukuta mmoja ulisukumwa nje, na pembe nzima ya jumba ikaporomoka juu mpaka chini. Watu 4 walikufa, na jumba halikuwa limemaliza hata miezi mitatu tangu kuingiwa na wapangaji. Lilipofunguliwa bamba kwa bamba mwaka 1986, ndani ya viungo palipotakiwa kuwa na saruji palikutwa magazeti yaliyosokotwa. Saruji ilikuwapo nchini. Aliyekosekana ni mtu wa kuinama na kuangalia.

Sasa turudi kwetu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Ujerumani Mashariki ilijitolea kusaidia nyumba za Zanzibar, na za kwanza zikasimama Kikwajuni, kisha Kilimani. Mwaka 1968 mtaalamu wao Hubert Scholz alichora ramani ya mji, na kwa fikra ya Mzee Karume njia mbili pana zikakatana katikati ya Ng'ambo. Kandokando yake ndipo yalipo majumba ya maendeleo ya Michenzani, bloki kumi, nyingine zikikaribia mita 300 kwa urefu. Mzee aliuawa tarehe 7 Aprili 1972 na kazi ikaendelea chini ya Mzee Jumbe. Mashamba hayakusahauliwa: Makunduchi na Bambi, na Pemba katika Wete, Chake Chake na Mkoani, kote kuna fleti. Ramani na mtindo vilitoka kwao. Jasho lilikuwa la watu wetu. Na tusifiche, nyumba nyingi za udongo na makuti zilivunjwa ili kupata nafasi, na wako waliohama kwa uchungu.

Tulipoingia ndani tulipata umeme na sakafu isiyo na vumbi. Tukakosa baraza na ua. Huku chini mtu aliketi barazani kwake, akamjua apitaye na akasikia nani mgonjwa. Juu kuna mlango uliofungwa. Kinu nacho kilikuwa taabu: mwanamke wa ghorofa ya nne akitwanga, wa ghorofa ya tatu aamka na mtoto wake alia. Moshi wa makaa katika roshani humwingilia wa juu. Nguo zikianikwa, maji humdondokea wa chini. Mambo haya madogo yamevunja ujirani wa watu wengi kuliko siasa. Lakini akifa mtu, ndipo unapoona ghorofa ni kitu kimoja. Jeneza haligeuki vizuri penye kona ya ngazi. Wa chini hutoka kulipokea na wa juu huliteremsha taratibu, hata waliokuwa hawasemezani. Viti hupangwa uwanjani baina ya bloki, na wali hupikwa hapo hapo.

Basi kwa nini mikono hiyo hiyo haifiki kwenye bomba? Maji yakikosa nguvu ya kupanda, kila mwenye uwezo hununua pampu yake na tangi lake, na asiye nacho hubeba ndoo. Wengine wametoboa ukuta wapitishe bomba lao bila kuuliza ni ukuta gani unaobeba mzigo. Chuma kilichomo ndani ya zege kikifikiwa na maji ya chumvi ya bahari hushika kutu, kutu huvimba, na zege hubanduka kama ganda. Tumeona vipande vikianguka. Tuliandika barua kwenye ofisi moja inayohusika, tukajibiwa kwamba fungu halipo. Tukaandika tena, hatukujibiwa.

Hata hivyo Baraza la Wawakilishi lilipitisha mwaka 2010 sheria ya majumba yenye wenyewe wengi. Ndani ya mlango ni mali yako, na paa, ngazi na mabomba ni mali ya wote, chini ya jumuiya ya wenye nyumba. Wengi wetu hatujaisoma, na hilo ni ajabu kwa watu wapendao kubishana barazani.

Tunachotaka ni hivi. Serikali ipime nguvu ya majumba haya na itangaze matokeo hadharani, kwa sababu mkaazi hawezi kuupima msingi kwa macho yake. Na kila ngazi ichague watu watatu, mmoja wao mwanamke, wawe na daftari la fedha linalosomwa mbele ya wote kila mwezi. Mjane asiye na kipato asidaiwe. Asiyepanga huku bali amekodisha fleti yake kwa wageni, huyo adaiwe mara mbili. Ngazi yetu itakutana Jumapili baada ya sala ya alasiri, pale chini kwenye mwembe. Anayekuja aje na kiti chake.