Sikio la Malko

Injili ya Jumapili hii ya nne ya Pasaka yatuonyesha Mchungaji awajuaye kondoo wake. Watu wa Kintinku hawahitaji kufafanuliwa sana jambo hilo. Mfugaji humtambua ng'ombe wake katikati ya kundi kubwa, na ili jirani naye asikosee, humkata sikio kuwa alama.

Sikio ni kitambulisho cha zamani. Katika miaka ya 1960, Iain Douglas-Hamilton alipowachunguza tembo wa Ziwa Manyara, aliwatofautisha mmoja mmoja kwa mipasuko na matundu ya masikio yao, akawapa majina. Kwa upande wa binadamu, Alphonse Bertillon wa polisi ya Paris alikwisha kulitia sikio katika vipimo vyake tangu karne ya 19. Baadaye Mmarekani Alfred Iannarelli alilinganisha masikio zaidi ya 10,000 asikute mawili yaliyo sawa kabisa. Siku hizi sikio hupigwa picha kutoka ubavuni, na kompyuta ikaipima mikunjo yake. Ni kazi ya ajabu, ingawa ushungi wa mama mmoja watosha kuikwamisha.

Nayataja haya kwa sababu twaijua taabu ya kutambuliwa kwa mashine. Mwaka 2019 laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole, nchi nzima ilipanga foleni hadi Januari 2020. Kidole kilichosuguliwa na mpini wa jembe kwa miaka hamsini mara nyingi hakisomeki. Mzee huambiwa afute jasho, ajaribu tena, alete kidole kingine, na vijana walio nyuma yake huguna. Mashine haina dhambi. Imeshindwa kusoma tu. Je, sisi tulio katika foleni, twasoma nini katika mkono ule uliotulisha? Huenda kesho sikio litamsaidia mzee huyo pale kidole kiliposhindwa, na heri iwe hivyo. Hata hivyo mguno ule mashine mpya haitauondoa.

Tukumbuke usiku wa Getsemane. Injili zote nne zasimulia sikio la mtumwa wa Kuhani Mkuu lililokatwa kwa upanga. Luka peke yake aeleza kwamba Bwana aliligusa na kuliponya, naye mwenye sikio alikuwa miongoni mwa waliokuja kumkamata. Yohane peke yake ndiye aliyeliandika jina la mtumwa yule: Malko.

Makatekista wapendwa, mnapoandika orodha ya wagonjwa na wazee wanaopelekewa Komunyo nyumbani, msiandike tu "bibi wa kwa fulani". Ketini naye, mwulizeni jina lake. Wengine watalitaja kwa sauti ndogo, kwa maana ni muda mrefu hawajaulizwa.