Wezi Waliofunga Daftari la Ushirika

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo)



Leo nataka tuzungumze habari za wizi wa namna mpya. Mwizi huyu havunji mlango wala hachukui gunia hata moja. Lakini anaweza kusimamisha ushirika mzima.

Kule Marekani kuna jimbo liitwalo Iowa. Watu wake wanalima sana mahindi na soya, na kufuga nguruwe na kuku. Wakulima wa huko nao wana vyama vya ushirika. Kimoja kinaitwa NEW Cooperative. Chama hiki kinanunua nafaka za wanachama, kinauza mbolea na kupeleka chakula cha mifugo. Hesabu zake zimo ndani ya kompyuta. Kwa hiyo, kompyuta ndiyo daftari lao.

Mwezi wa Septemba 2021, mavuno yakianza, wezi waliingia katika kompyuta hizo. Kundi lao lilijiita BlackMatter. Walifanya mambo mawili. Kwanza, walichukua nakala za habari za chama. Pili, waliyageuza maandishi yakawa hayasomeki. Ni kama mtu akuandikie daftari lako lote kwa alama anazozijua yeye peke yake. Daftari unalo, lakini kusoma huwezi!

Kisha wakadai fedha. Walitaka dola milioni 5.9 ndipo watoe ufunguo. Wakaonya kwamba chama kikichelewa, bei itapanda mara mbili.

Je, kwa nini walichagua wakati wa mavuno? Fikirini wenyewe. Mahindi yameiva, magari yamejaa mzigo, mifugo inataka kula. Mwenye haraka hulipa upesi. Wezi walilijua hilo.

Chama kilizima kompyuta zake ili ubaya usienee. Kikatafuta njia nyingine ya kupokea nafaka na kupeleka chakula cha mifugo. Kiliwaambia wezi kwamba mifugo milioni 11 inalishwa kwa ratiba zinazotegemea kompyuta zake. Kundi lile lilikuwa limetangaza kwamba haligusi huduma za lazima kwa watu. Lakini lilijibu kuwa chama hicho hakimo katika hesabu hiyo. Ndugu zangu, ahadi ya mwizi si ahadi.

Siku hizo hizo chama kingine, Crystal Valley cha jimbo la Minnesota, nacho kilishambuliwa. Mwaka 2022 wapelelezi wa serikali yao, FBI, walitoa onyo. Walisema vyama sita vya nafaka vilishambuliwa katika mavuno ya 2021, na viwili vingine mwanzoni mwa 2022.

Sasa, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Wengi wetu tuna simu, na fedha zetu zimo humo. Mwizi huingia kwa mlango tunaomfungulia wenyewe. Hutuma ujumbe wa uongo, nawe ukaufungua. Au hukuuliza namba ya siri, nawe ukamtajia. Basi tushike haya:

1. Namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka ofisini.
2. Ujumbe usioujua usiufungue. Uliza kwanza.
3. Chama kikitumia kompyuta, kiweke nakala ya hesabu mahali pengine, mbali na kompyuta hiyo.
4. Kila mwanachama atunze stakabadhi yake na kuandika kilo zake katika daftari lake.

Hilo la nne mnaliweza leo hii. Zamani karani akisema kilo 80, ulikubali tu na kuweka dole gumba. Sasa unasoma mizani mwenyewe, unaandika mwenyewe. Kompyuta ya chama ikifungwa kesho, daftari lako la nyumbani litasema ukweli. Daftari hilo mwizi aliye ng'ambo hawezi kulifunga.

Tujadiliane:
Hesabu za chama chetu zimeandikwa wapi? Zikipotea, nani ana nakala?