Ruhusa ya Mteja Ndiyo Mtaji



Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, ofisa masoko wa Digital Equipment Corporation ya Marekani, aliwatumia watu wapatao 400 wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, tangazo la barua pepe la kuwaalika waje kuona kompyuta mpya huko California. Anwani zilitolewa katika orodha ya watumiaji. Zilikuwa nyingi mno, hata nyingine zikamwagikia ndani ya barua yenyewe. Wasimamizi wa mtandao walimkaripia. Yeye alisema baadaye kwamba mauzo yalipatikana.

Wote walisema kweli, na hapo ndipo penye kazi yetu. Barua pepe inaweza kuuza leo na kuichafua njia ya kuuzia kesho. Hoja yangu ni kwamba mtaji wa muuzaji atumiaye barua pepe ni ruhusa ya wenye anwani. Wingi wa anwani haumfikishi mbali.

Kishawishi cha kutuma kwa wingi kinatokana na bei. Kutuma barua ya elfu kumi hakuongezi gharama ya maana juu ya ile ya kwanza, kwa hiyo anayelipa ni mpokeaji, kwa muda wake. Naye amepata watetezi. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinawataka wanaotuma barua kwa wingi wathibitishe kuwa ni wao kweli, waweke njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, na malalamiko yasifike asilimia 0.3, yaani watu 3 katika kila 1,000. Mwenye kununua orodha ya majina asiyoyajua huuvuka mpaka huo upesi. Adhabu yake haiishii kwenye matangazo: hata risiti ya mteja wake halisi huweza kutupwa kwenye barua taka.

 Tuchukue mfano wa kampuni ya Arusha inayopandisha wageni Kilimanjaro. Mtu ameuliza njia ya Marangu na kukubali kuandikiwa. Akitumiwa barua ya “Ndugu mteja, tuna punguzo kabambe”, ataifuta. Akielezwa kuwa Marangu ndiyo njia ya kulala kwenye vibanda badala ya mahema, kwamba siku moja ya ziada huusaidia mwili kuzoea kimo, na kwamba mvua za masika huanza Machi, atasoma, tena huenda akajibu kwa swali. Swali hilo ndilo mwanzo wa mauzo.

Lakini tupime nini? Wengi huhesabu barua zilizofunguliwa, wakizitambua kwa picha zake kupakuliwa. Kipimo hicho kimeyumba tangu 2021, Apple ilipoanza kuzipakua picha za barua kwa niaba ya watumiaji wake, wazifungue wasizifungue. Afadhali tuhesabu majibu, oda na wanaojiondoa. Na tujaribu kabla ya kutuma: kampeni ya Barack Obama ya mwaka 2012 ilipeleka barua zenye vichwa tofauti kwa vikundi vidogo vya wafuasi, kisha iliyochangisha zaidi ikatumwa kwa wote. Wataalamu wake wenyewe walikiri kwamba mara nyingi hawakuweza kubashiri ipi ingeshinda.

Sheria nazo zimetufikia. Kenya, kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inataka ridhaa ya wazi kabla taarifa za mtu hazijatumiwa kibiashara. Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Wafanyabiashara wengine wanaziona kuwa kikwazo. Mimi naona zinawalazimisha kufanya jambo ambalo faida yao wenyewe ingewatuma kulifanya.

Kwa hiyo nawashauri wanafunzi wa masoko: mkikabidhiwa orodha ya kampuni, ulizeni kwanza kila jina liliingiaje. Lisilo na jibu lifuteni, hata kama bosi atanung'unika kwamba orodha imepungua nusu. Nusu itakayobaki ndiyo mnayoweza kuiuzia mwakani.