Barua Nzima, Si Mstari Mmoja

Somo: Yeremia 29:1-14

Karibuni tuketi pamoja tena mbele ya Neno la Mungu. Ikiwa Biblia yako iko karibu, ichukue, ufungue kitabu cha nabii Yeremia, mlango wa 29. Kama huna Biblia, usihuzunike. Sikiliza tu, nasi tutakwenda polepole.

Mstari wa 11 wa mlango huu unajulikana sana. Huandikwa kwenye kalenda za ukutani, na vijana hupewa kadi yenye maneno hayo wanapomaliza shule. Ndani yake Mungu anawaambia watu wake kwamba anajua vema anayowakusudia, nayo ni mema, si mabaya, na ya kwamba mbele yao kuna tumaini. Ni neno tamu, tena ni la kweli. Lakini leo nina swali moja kwako, mpendwa: Je, umewahi kuisoma barua ambayo mstari huo umetoka? Maana mlango huu wa 29 ni barua.

Tuseme kuna mama mmoja huko Machakos ambaye mwanawe anafanya kazi Mombasa. Siku moja barua inafika. Mama anamwambia mjukuu, "Nitafutie pale panapotaja fedha, unisomee hapo tu." Mtoto anatafuta, anasoma: "Mama, nitakununulia ng'ombe wa maziwa." Mama anapiga vigelegele, anaikunja barua na kuiweka sandukuni, kisha anakwenda kuwaambia majirani. Lakini kabla ya maneno hayo mwana alikuwa ameandika kwamba ana deni, na kwamba atalimaliza baada ya mavuno mawili. Na chini yake aliandika, "Kwa sasa jenga zizi, upande majani." Mama hakusomewa hayo. Mwezi wa kwanza ukapita, na wa pili, na wa sita. Majirani wakaanza kucheka. Mwishowe mama akasema kwa uchungu, "Mwanangu ni mwongo."

Je, mwana alikuwa mwongo? Sivyo. Barua ilisomwa nusu.

Basi tuisome barua ya Yeremia yote. Mwaka wa 597 kabla ya Kristo, Nebukadneza mfalme wa Babeli alimchukua Yekonia mfalme wa Yuda, pamoja na mama yake, na wakuu wa nchi, na mafundi, na wafua chuma, akawapeleka mbali sana na kwao. Vyombo vya hekalu pia vilichukuliwa. Watu hao walikaa katika nchi ngeni wakiulizana neno moja tu: Tutarudi lini?

Kabla hatujasikia jibu la Yeremia, rudi nyuma kidogo kwenye mlango wa 28. Hapo tunakutana na mtu aitwaye Hanania, nabii kutoka Gibeoni. Wafungwa walikuwa wamekwisha kukaa Babeli miaka michache. Hanania alisimama ndani ya nyumba ya Bwana, makuhani na watu wote wakisikia, akatangaza ya kuwa kwa muda wa miaka miwili vyombo vyote vitarudishwa, na Yekonia atarudi, na wafungwa wote pamoja naye. Yeremia alikuwa amevaa nira shingoni, kuwa ishara kwamba mataifa yatamtumikia mfalme wa Babeli. Naye aliposikia ahadi hiyo alisema Amina, Bwana na afanye hivyo! Yeye pia angependa iwe hivyo. Lakini aliwaonya watu kwamba nabii atabiriye amani atajulikana kuwa ametumwa na Bwana neno lake litakapotimia. Ndipo Hanania akaiondoa ile nira shingoni mwa Yeremia, akaivunja mbele ya watu.

Fikiri jinsi watu walivyomfurahia Hanania siku ile! Miaka miwili tu! Ni nani asiyependa mahubiri kama hayo? Lakini Biblia inasema Bwana hakumtuma. Neno la Hanania lilikuwa katika mwezi wa tano, naye alikufa mwaka ule ule, katika mwezi wa saba.

Sasa ndipo twaweza kuisoma barua. Yeremia aliituma kutoka Yerusalemu kwa mkono wa Elasa na Gemaria. Je, Mungu anawaambia nini wafungwa wale? Mstari wa 5, anawaambia wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake. Mstari wa 6, waoe na kuolewa, wazae watoto, waongezeke. Mstari wa 7, wautakie amani mji ule walimo, wauombee kwa Bwana, maana mji ukiwa na amani, wao nao watakuwa na amani. Mji gani huo? Ni Babeli, mji wa watu waliowateka! Mstari wa 8, wasidanganywe na manabii walio kati yao. Mstari wa 10, itakapotimia miaka sabini, Bwana atawajilia na kuwarudisha. Na baada ya hayo yote ndipo linakuja lile neno la mstari wa 11.

Miaka sabini, ndugu zangu. Hebu fanya hesabu mwenyewe. Baba mwenye umri wa miaka arobaini aliyeisikia barua hii ikisomwa alijua ya kuwa yeye hatarudi. Atazikwa Babeli. Mche anaoupanda leo, wajukuu watakaa katika kivuli chake. Na mtu huyo ndiye aliyeambiwa, "Nakukusudia mema." Mungu hakumwambia kwamba taabu itakwisha upesi. Alimwambia kwamba taabu ndefu haiwezi kuyaondoa makusudi mema ya Mungu. Alimpa kazi ya kufanya katika siku za kungoja, nayo ni kujenga, kupanda, kulea na kuomba. Tena alimwahidi, katika mstari wa 12 na wa 13, kwamba watu wake wakimwomba atawasikia, na wakimtafuta kwa moyo wote watamwona.

Je, barua hii ilipendwa na wote? Haikupendwa. Soma mpaka mwisho wa mlango utamwona Shemaya, aliyeandika barua yake mwenyewe kutoka Babeli akitaka Yeremia akamatwe na kufungwa. Alikasirishwa na nini? Ni kwa sababu Yeremia alisema wakati ungali mrefu, na watu wajenge nyumba.

Mpendwa msikilizaji, labda wewe nawe umekaa miaka mitano bila kazi. Labda wewe ni mama ambaye mume wako amelala kitandani mwaka wa tatu sasa, na karo ya watoto haipatikani. Mtu fulani alikupa mstari wa 11 peke yake, akakuambia, "Mwaka huu ni wako, shika tu ahadi." Ukashika. Mwaka ukaisha. Sasa usiku, wakati nyumba imetulia, unajiuliza: Je, Mungu amesema uongo? Au mimi sina imani? Wengine wamefika hapo wakaacha kabisa kuja kanisani, na wenzao wakawaita waliorudi nyuma. Lakini hakuna aliyeuliza kama waliwahi kusomewa barua nzima.

Nakuambia leo kwa upendo: Mungu hakusema uongo, wala kungoja kwako si ushahidi kwamba huna imani. Ulipewa ahadi ya Yeremia pamoja na tarehe ya Hanania. Tarehe ile haikutoka kwa Bwana. Itupe tarehe, lakini usiitupe ahadi.

Tazama jinsi ahadi hiyo ilivyotimia. Mwaka wa 539 kabla ya Kristo, Koreshi mfalme wa Uajemi aliuteka Babeli, akawapa Wayahudi ruhusa ya kurudi na kuijenga nyumba ya Mungu. Na soma Danieli mlango wa 9. Danieli alichukuliwa angali kijana, na sasa ni mzee. Anasema alifahamu kwa kuvisoma vitabu hesabu ya miaka sabini ambayo Bwana alimwambia Yeremia. Alipofahamu, alifanya nini? Je, alikunja mikono na kungoja? La, alifunga, akavaa magunia, akaungama dhambi zake na za watu wake, akaomba. Hayo ndiyo matunda ya kulisoma Neno kwa utaratibu. Humpa mtu saburi, tena humpigisha magoti.

Hii ndiyo sababu ni vema kanisa kuhubiriwa kitabu cha Biblia kwa mfuatano, mlango baada ya mlango. Desturi hii si ngeni. Katika Nehemia mlango wa 8, Ezra alisoma kitabu cha torati mbele ya watu tangu asubuhi na mapema hata adhuhuri, na Walawi wakawaeleza maana yake mpaka wakafahamu. Tarehe 1 Januari mwaka wa 1519, Huldrych Zwingli alianza kazi yake katika mji wa Zurich, nchi ya Uswisi, kwa kuhubiri Injili ya Mathayo kutoka mwanzo na kuendelea kwa mfuatano. John Calvin naye alifukuzwa Geneva mwaka wa 1538. Aliporudishwa mwaka wa 1541, watu huenda walitazamia awakemee adui zake. Yeye alipanda mimbarani akaendelea na maelezo ya Maandiko kutoka pale pale alipokuwa ameachia. Neno la Mungu lilikuwa na mambo makubwa kuliko uchungu wake.

Kuna faida nyingine tena. Mhubiri achaguaye mstari kila juma kama apendavyo, mwishowe atahubiri yale anayoyapenda, au yale watu wake wanayoyapenda. Lakini mhubiri afuataye kitabu huongozwa na kitabu. Chukua Waraka wa Yakobo. Katika mlango wa 2 Yakobo anakemea kanisa linalompa tajiri kiti kizuri na kumwambia maskini asimame kule au aketi chini. Je, mchungaji atachagua maneno hayo siku ya harambee, wakati mgeni wa heshima ameketi mbele na bahasha yake? Hata akithubutu, watasema, "Alimlenga fulani." Lakini kama mmekuwa mkisoma Yakobo tangu mwanzo, na leo zamu ya mlango wa 2 imefika, hakuna wa kulaumiwa. Mungu ndiye amesema. Na mlango wa 5 utakapofika, wenye mashamba watasikia habari ya ujira wa wavunaji uliozuiliwa. Mchungaji mwenyewe pia hataruka yale yanayomchoma moyoni.

Tukumbuke tena ya kwamba namba za mistari hazikuandikwa na mitume. Mistari ya Agano Jipya ilitiwa namba kama tulizo nazo na Robert Estienne katika Agano Jipya alilolichapisha mwaka wa 1551. Namba hizo zinatusaidia sana kupata mahali, lakini hazikuwekwa ili tuukate mkate wa Mungu vipande vipande, kisha tuchague vilivyopakwa asali.

Basi tufanyeni nini? Wewe mkristo nyumbani, juma hili usifungue Biblia popote tu na kuweka kidole. Anza na kitabu kifupi. Filemoni ina mistari 25 tu, waweza kuimaliza kabla chai haijapoa. Ruthu ina milango minne, na Yona vivyo hivyo. Kisha ingia katika Injili ya Marko, yenye milango 16. Kama macho yako hayaoni vizuri, au hukupata kusoma, mwite mtoto akusomee jioni, naye atabarikiwa pamoja nawe. Usimwambie akutafutie pale patamu tu.

Nanyi wachungaji, na wazee mnaohubiri huko vijijini mkiwa na Biblia moja tu mkononi, msiogope. Hamhitaji vitabu vingi ili kuanza. Chagueni kitabu kimoja, mkisome chote mara kadhaa, mkiuliza: Nani anasema? Anasema na nani? Kabla ya hapa alisema nini, na baada ya hapa anasema nini? Kisha waelezeni watu, fungu baada ya fungu, kila juma. Kondoo watanenepa.

Na wewe uliyechoka kungoja, usiizime redio kabla sijakuambia neno hili. Aliyewaandikia wafungwa wa Babeli hakuwasahau. Wakati ulipotimia alimtuma Mwanawe wa pekee, azaliwe katika ukoo wa Yekonia yule yule aliyechukuliwa mateka, kama Mathayo mlango wa kwanza unavyoonyesha. Naye alikufa msalabani kwa ajili ya dhambi zetu, akafufuka siku ya tatu. Mungu asiyemnyima mwenye dhambi Mwana wake hawezi kukukusudia mabaya. Mtafute kwa moyo wako wote. Wakati unangoja, jenga, panda, uombee mji unaokaa.

Na tuombe. Ee Bwana, Baba yetu, twakushukuru kwa Neno lako lote, lile tamu na lile gumu. Utusamehe tulipochagua yatupendezayo tukayaacha mengine. Mfariji aliyengoja muda mrefu. Wape wahubiri wako ujasiri wa kusema uliyoyasema wewe, wala wasizidishe, wala wasipunguze. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.

Mungu awabariki nyote. Mpaka tutakapokutana tena, kwaherini.