Ile Ipi?

Nilikuwa nimesimama kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umeshika simu. Ilikuwa mwanzo wa mwezi. Meseji ikaingia: "Ile hela tuma kwenye namba hii, yangu ina shida. Jina litakuja la mke wangu." Na jina la huyo mke limeandikwa kabisa.

Nikajua ni kodi, maana nilikuwa nadaiwa kweli. Mwenye nyumba wangu ana mke kweli. Nikaingiza namba, nikaingiza kiasi, simu ikaniletea jina lile lile. Roho ikatulia. Nikaanza kubonyeza namba ya siri. Mama mmoja tuliyebanana naye akachungulia simu yangu, akaguna. "Mwanangu, umempigia huyo mtu kwanza?" Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kicheko cha mtu aliyefumwa.

M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Tangu hapo simu imekuwa pochi, na lugha yetu imezaa watoto wake. Tunasema "tuma na ya kutolea". Tunasema "muamala usome". Tapeli naye hakukaa nyuma. Akatupa "tuma kwenye namba hii", maneno ambayo leo yamekuwa kichekesho cha vijiweni, cha harusini, hata cha mtoto anayemuomba baba yake hela ya shule.

Turudi kwenye ile meseji, maana imetungwa na fundi. Hakuna mtambo uliovunjwa wala namba ya siri iliyoibwa. Kazi yote imefanywa na neno moja dogo: "ile". Mtu akikwambia "ile hela", amekwishakuweka ndani ya makubaliano. Hakwambii ni hela gani, unajijazia mwenyewe. Na mjini nani hadaiwi? Kama si kodi ni ada, kama si ada ni mchango wa harusi, kama si mchango ni zamu ya mchezo. Meseji ikienda kwa watu elfu, tapeli hana haja ya kumjua hata mmoja. Wapo tu ambao "ile" itawakuta njiani kwenda kulipa.

Sasa lile jina. Wataalamu waliweka jina la mpokeaji litokee kabla hujakamilisha muamala, ili usikosee. Laini nazo zikasajiliwa kwa alama za vidole, na Januari 2020 ambazo hazijasajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Ulinzi mzuri. Lakini waliouweka walisahau jinsi tunavyoitana. Mke wa mwenye nyumba wangu nimeishi naye uani miaka sita, namwita Mama Rehema. Jina lililo kwenye kitambulisho chake silijui, na kumuuliza ningeona ni utovu wa adabu. Basi tapeli akinitajia jina mapema, na simu ikalileta, mimi nina kipi cha kulipinga? Kufuli la mtaalamu limegeuka ushahidi wa mwizi.

Ndiyo maana huwa siwacheki waliopigwa. Tunapenda kusema "mjini shule", kana kwamba aliyetapeliwa alikimbia masomo. Kicheko kina faida yake: yule mama wa kwenye daladala alijifunza kwenye vichekesho, na akaniokoa. Lakini kicheko hicho hicho humfunga mdomo aliyekwishaumia. Anaona aibu kumwambia mumewe, anaona aibu kwenda kituoni, na ile laini inaendelea kuvuna kwa wengine. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imetenga namba 15040 ya kuripoti meseji za namna hiyo. Namba hiyo haimsaidii mtu anayeogopa kuchekwa.

Na kuna la mbele yetu. Mwaka 2023 watafiti wa Microsoft walitangaza programu inayoweza kuiga sauti ya mtu baada ya kumsikia kwa sekunde 3 tu. Waliifundisha kwa Kiingereza, lakini teknolojia ya namna hii haikai kwenye lugha moja. Nasi sauti zetu tumezitawanya kwenye magrupu ya WhatsApp, pole za msiba na salamu za Idi. Ushauri wa yule mama, piga simu kwanza, bado ni mzuri. Ila siku yaja ambapo atakayepokea atakuwa na sauti ya mwenye nyumba, kikohozi chake na yote.

Siku hiyo tutabaki na kitu kimoja kisichotumwa kwa simu: mambo tunayoyajua wawili. Tapeli anaishi kwa "ile". Mnyang'anye. Muulize, kwa upole na kwa heshima zote: "Ile ipi?" Mwenye nyumba wangu atajibu bila kufikiri, ni ya miezi mitatu, pungufu ya hela ya bomba nililotengeneza mwenyewe. Mwingine atakata simu.

Nilimpigia mwenye nyumba jioni ile. Nikamuuliza. Akacheka, akanijibu, kisha akaniuliza nitamlipa lini.