MAKTABA IWE BARAZA YETU

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama na wapenzi wa chama, mtaa wa Amani, Unguja)



Tumetakiwa na Kamati tuseme machache juu ya maktaba, na twajua wamo humu waliotabasamu waliposikia. Chama na maktaba wapi na wapi? Mchele umepanda bei, kijana amemaliza skuli hana kazi, na sisi twaja na khabari za vitabu! Twawaomba hao watustahimilie. Tutaanza na jambo lililotokea hapa hapa mtaani.

Alikuwapo bibi mmoja katika mtaa wetu, msukaji wa mikeka, ambaye jina lake hatulitaji kwa kuwaheshimu wanawe. Kila ikisha sala ya magharibi watoto walikuwa wakimzunguka barazani kwake. Yeye akisema "Paukwa!" wao wakajibu "Pakawa!", na hapo zikazuka hadithi za sungura na fisi, za majini ya pangoni, za watu wa kale waliovuka bahari. Alijua nyimbo za harusi ambazo maharusi wa leo hawajapata kuzisikia. Alijua majina ya pepo zote zivumazo, na jina la kila jiwe la pwani ya kwao shamba. Mwaka jana Mungu amemchukua. Tulikwenda mazikoni, tukasoma hitima, tukala, tukarudi majumbani. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameandika japo hadithi moja. Hakuna aliyeinasa sauti yake, na kila mmoja wetu ana simu mfukoni yenye uwezo huo! Sisi tunaosema mbele yenu leo tulikuwa jirani zake. Lawama hii ni yetu kwanza.

Basi hilo ndilo lililotuleta kwenye maktaba.

Unguja tunayo Maktaba Kuu pale Maisara. Kutoka Amani si safari: unapita Michenzani, unashuka Mnazi Mmoja, umekaribia. Lakini tuulizane bila ya kuoneana haya: ni wangapi katika ukumbi huu waliokwisha ingia humo? Hatutaki mikono, tusije tukafedheheshana. (Kicheko.) Wengi wetu tulikwenda zamani tulipokuwa wanafunzi, mtihani ulipokaribia. Tukakaa kimya, tukanakili, tukapata cheti au tukakikosa, wala hatukugeuka nyuma. Kwetu sisi maktaba ni chumba cha mtihani, na mtu mzima aliyekwisha maliza mitihani yake aendee nini huko?

Sasa tazameni uwanja wetu wa mpira hapa Amani. Ulifunguliwa mwaka 1970, na mwisho wa mwaka 2023 ukafunguliwa tena baada ya kutengenezwa upya. Siku ya mchezo mkubwa hapapitiki. Hatuusemi vibaya mpira, maana wengi wetu ni wagonjwa wake. Twasema tu kwamba watu wetu wakijua kuna jambo la kutazama na kusikiliza, huenda, hawangoji kusukumwa. Na wasipokwenda mahali, mara nyingi ni kwa kuwa hawajui kuna nini.

Tusidhani kwamba shida hii ni yetu peke yetu. Pale Nairobi, mwaka 1931, ilifunguliwa maktaba kubwa yenye nguzo za mawe na sanamu za simba mlangoni. Iliitwa McMillan, jina la bwana mmoja mlowezi, na mjane wake ndiye aliyeijenga iwe ukumbusho. Kwa zaidi ya miaka 20 maktaba hiyo ilikuwa ya Wazungu tu. Mwafrika aliweza kufagia ngazi zake, kusoma hakuweza. Mwaka 1962 ikaingia mikononi mwa Halmashauri ya Jiji, na mlango ukawa wazi kwa wote. Lakini, ndugu zangu, mlango huweza kufunguliwa kwa sheria siku moja. Mtu kujiona kwamba ana haki ya kupita mlango huo, hiyo ni kazi ya miaka. Jengo likachakaa, na mitaa ya wafanyakazi ikaishi maisha yake mbali nalo.

Ndipo mwaka 2017 wanawake wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, wakaanzisha jumuiya iitwayo Book Bunk wapate kuzifufua maktaba hizo. Na sikilizeni walipoanzia. Hawakuanza na simba na nguzo. Walianza na matawi madogo ya Kaloleni na Makadara, mitaa ya watu wa kazi kama huu wetu. Wakatengeneza majengo, wakavihesabu vitabu, kisha wakatia watu ndani: watoto wa kusomewa hadithi, vijana wa muziki, waandishi wa kusoma kazi zao. Mwaka 2021 wakafanya tamasha zima la fasihi. Wakati huo huo walikuwa wakizihifadhi picha na magazeti ya zamani yaliyokuwa yakiliwa na vumbi. Kaloleni hapakuwa na utajiri. Palikuwa na watu waliosema: nyumba hii ni yetu.

Na sisi tutatia nini ndani ya nyumba yetu? Hapa pana jambo la kusema kwa uangalifu. Vitabu vingi vilivyojaza rafu za maktaba za Afrika ya Mashariki ni zawadi kutoka Uingereza. Liko shirika lililoanza mwaka 1954, leo laitwa Book Aid International, ambalo limeleta vitabu Afrika miaka mingi, na Zanzibar imepata fungu lake. Hatuna ulimi wa kumlaumu mtu atoaye. Mwanafunzi wa udaktari akipata kitabu kipya atakibusu. Lakini zawadi huchaguliwa na mtoaji. Hakuna sanduku litakalotoka London likiwa na hadithi za yule bibi yetu.

Na ajabu zaidi ni kwamba lugha iliyochaguliwa kuwa msingi wa vitabu vya Kiswahili ni hii yetu ya Unguja mjini. Yaliamuliwa hayo katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi zote nne kuisimamia kazi hiyo. (Ndugu zetu wa Mombasa, wenye mashairi ya tangu na tangu, hawajatusamehe mpaka leo.) Watoto wa Bara, wa Kenya na wa Uganda wakajifunza kuandika kwa maneno ya bibi zetu. Sisi wenye maneno tuna rafu ngapi zilizojaa kwa kalamu zetu wenyewe?

Yuko atakayesema kwamba watu wetu si watu wa kusoma, ni watu wa kusikiliza. Kweli, na hilo si kosa. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, akija mjini akiuza vyungu, na skuli hakuiona. Mwaka 1928 akenda Bombay kutia sauti yake katika sahani za santuri, na Shaaban Robert akauandika wasifu wake. Mtu ambaye hakusoma vitabu akawa yeye mwenyewe kitabu! Na ilikuwa hivyo kwa sababu alikuwapo wa kusikiliza na alikuwapo wa kuandika. Leo wa kusikiliza tunao. Wa kuandika wako wapi?

Au mchukueni Muhammed Said Abdulla, mtoto wa Makunduchi, aliyefanya kazi ya afya kisha akaingia katika magazeti. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya Afrika ya Mashariki na kutoka kitabu mwaka 1960. Humo mna Bwana Msa na kiko chake, akifukua siri ya mauaji. Sisi twawauliza: ikiwa kila Jumamosi kijana mwenye sauti nzuri atasoma sura moja ya kitabu hicho katika maktaba, na akakatisha pale pale roho za watu zinapokuwa juu, nani hatarudi Jumamosi ya pili? Wapo humu mabibi wasiokosa hata siku moja ya mchezo wa televisheni. Twawajua. (Kicheko.)

Na kuna jambo jingine linalotuuma. Tarehe 7 Oktoba 2021 dunia nzima ilisikia kwamba mtoto wa Unguja, Abdulrazak Gurnah, amepewa tuzo ya Nobel ya fasihi. Alizaliwa hapa mwaka 1948, akaondoka kijana mwishoni mwa miaka ya 1960 kwenda Uingereza. Sote tulijivuna. Vijana walipachika picha yake kila pahali. Lakini kitabu chake cha Paradise kilitoka mwaka 1994, na tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis, iitwayo Peponi, imetoka mwaka 2022. Miaka 28 kimechukua kitabu hicho kurudi kwao kwa lugha ya kwao! Na sasa kimekwisha rudi, nani katika Amani amekisoma? Twataka jioni moja kisomwe kwa sauti, na wazee waliosimuliwa na wazee wao zama hizo wainuke waseme: hapa amesema kweli, na hapa sivyo tulivyosimuliwa. Mazungumzo ya namna hiyo hayapatikani Stockholm. Yapatikana hapa tu, na kwa miaka michache tu iliyobaki.

Tumekwisha kuyasema haya kwa watu kadha wa kadha, na tumepata majibu. Mmoja alitwambia maktaba ni mahali pa kimya. Kimya kina saa zake na hadithi ina saa zake, na mwenye kusoma kwa mtihani atapewa zamu yake. Mabibi walisema usiku hawatoki. Ndiyo sababu tunasema Jumamosi alasiri, watoto warudi kabla ya magharibi. Mwingine akauliza fedha. Mikeka tunayo, chai na kahawa tutachanga, na msimulizi wa hadithi hadai tikiti.

Lakini liko neno moja alilotuuliza mzee mmoja, nalo limetukosesha usingizi. Alisema: "Wanangu, mkiyapeleka mambo haya kwa mkono wa chama, hamtaigawa maktaba?" Mzee huyo anakumbuka zama za siasa, tangu uchaguzi wa 1957 mpaka 1963, mtu alipokuwa hanunui kwa mwenye duka wa chama cha pili, hapandi gari lake, na wengine hata mazikoni wakawa hawaendi. Baraza zilizokuwa za mtaa mzima zikawa za nusu ya mtaa. Na hata baada ya zama zile tumepata kuziona baraza ambazo mtu hukaa kwa kutazama kwanza rangi ya bendera. Sisi ni watu wa chama na hatuonei haya. Hata hivyo twasema waziwazi mbele ya mkutano huu: siku ya maktaba, bendera ibaki nje. Mwanachama akija, aje kama mtoto wa mtaa. Jirani wa chama kingine akija, apishwe kwenye mkeka, na mama yake akiwa na hadithi aitwe yeye mwanzo. Asiyeweza kulistahimili hilo, twamwomba abaki nyumbani. (Makofi.)

Kazi ya kunasa sauti tumekwisha kuipanga. Mzee ataombwa rukhsa kwanza. Jina lake, mtaa wake na tarehe vitaandikwa. Vijana wataigeuza sauti kuwa maandishi kwa maneno yake mwenyewe, pasipo kuyapaka rangi ya skuli, akisema "ntakwenda," iandikwe "ntakwenda." Nakala moja watapewa wanawe, nyingine tutaiomba Maktaba iipokee, na ya tatu tutaipeleka Nyaraka za Taifa, Kilimani. Kwa siku ya kwanza tumefikiri Jumamosi iliyo karibu na 7 Julai, ambayo UNESCO iliikubali mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Wazee wa siasa wataikumbuka tarehe hiyo kwa sababu nyingine: ndiyo siku iliyozaliwa TANU kule Dar es Salaam, mwaka 1954.

Bwana Mwenyekiti, barua kwa mkuu wa maktaba imekwisha andikwa, iko hapa mezani, inangoja sahihi yako. Orodha ya wazee wa Amani na mitaa ya jirani tunayo pia. Mkubwa wao hawezi tena kutoka nyumbani, kwa hiyo yeye tutamwendea wenyewe, na tusingependa kungoja mpaka mwezi wa saba. Tunawaomba vijana wawili wenye mwandiko mzuri na msichana mmoja anayeweza kukaa na mabibi wabaki kidogo baada ya mkutano. Kesho asubuhi, baada ya chai, tutakwenda kwake.